Fundi wa rangi ya poda, usianze na rimu ya mtu

Najua video uliyoiona. Jamaa yuko kwenye gereji safi huko Marekani, ana oveni kuukuu ya umeme, anapuliza unga fulani kwa rimu, anafunga mlango, kisha anatoa kitu kinachong'aa kama kimetoka kiwandani leo asubuhi. Video yenyewe haifiki dakika 2. Umeirudia mara nne, umemtumia beshte yako, na sasa unaulizia bei ya oveni ya mitumba. Tayari kuna mtu mwenye Probox amekuahidi rimu zake uanze nazo.

Tulia kidogo. Sikukatazi. Nataka uifanye hiyo kazi, tena uifanye hapa hapa Rhamu, usingoje mpaka upate nauli ya Nairobi. Lakini rimu ya mtu mwingine si daftari la kufanyia mazoezi. Watu watakaa juu ya hiyo rimu. Hoja yangu leo ni hiyo tu, na naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanijibu kule chini.

Kwanza, kwa wale hawajaipata. Rangi ya poda haina maji wala thina. Ni unga mkavu, laini kama unga wa chapati. Unapulizwa kwa kifaa kinachoupa chaji ya umeme, na kile chuma kinachopakwa kimeunganishwa na waya wa athi. Unga unavutwa na chuma, unakishika pande zote, jinsi vumbi lilivyokuwa linashika kioo cha zile televisheni za zamani. Halafu chuma kinaingia kwenye oveni, joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, kwa dakika 10 hadi 20 kulingana na maagizo ya poda yenyewe. Unga unayeyuka, unatandaa, unashikana na kuwa ganda moja gumu ambalo halitayeyuka tena hata ukilirudisha motoni.

Si kitu kipya. Wajerumani walianza kupaka vyuma kwa poda miaka ya 1950, na njia ya kupuliza kwa chaji ya umeme ikaenea kuanzia miaka ya 1960. Wewe mwenyewe umeishi nayo bila kujua. Gusa ubavu wa friji, mashine ya kufulia nguo au fremu ya dirisha la aluminiamu kwenye yale maghorofa mapya ya Eastleigh. Nyingi ya hizo ni poda.

Kwa nini kazi hii inatufaa

Watu wa Mombasa wakizungumza juu ya rangi ya gari wanazungumza kuhusu kutu, kwa sababu ya chumvi ya bahari. Sisi huku kutu si adui mkubwa. Mvua yetu ni haba, na Daua yenyewe kuna miezi inabaki mchanga mtupu. Adui zetu ni wawili: jua na mawe. Jua linaifanya rangi ya kopo ipauke na kuwa kama chaki. Mawe ya barabarani yanaibandua kipande kwa kipande, hadi bampa ya Land Cruiser inafanana na ramani.

Poda nzuri inavumilia mawe kuliko rangi ya kopo kwa sababu ganda lake ni nene na limeshikana. Ila chagua vizuri. Kuna poda ya epoksi na kuna poda ya poliesta. Epoksi inashika chuma vizuri sana lakini jua linaipausha. Hiyo ni ya vitu vya ndani. Ya nje, ya jua la Rhamu, ni poliesta. Muuzaji asiyejua tofauti ya hizo mbili, muage kwa heshima uende kwingine.

Sasa tazama barabara. Mradi wa barabara kuu kutoka Isiolo kupitia Wajir, Elwak na Rhamu hadi Mandera, kilomita 740 hivi, uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka wa 2020. Lami ikija, magari yanaongezeka. Magari yakiongezeka, spea zinachakaa. Mtu akitaka kipande chake kipakwe kitaalamu, atakituma Nairobi, karibu kilomita 1,000, alafu angoje kirudi? Au atakuletea wewe? Hapo ndipo pesa ilipo, na ndiyo maana nasema kazi hii tuichukue kwa uzito kabla hatujaiharibia jina.

Rhamu haiko kwenye ile video

Yule jamaa wa Marekani ana vitu ambavyo hata havitaji kwa sababu kwake ni vya kawaida. Kwako si vya kawaida.

Cha kwanza ni umeme. Umeme wa Rhamu hautoki kwenye gridi ya taifa. Unatoka kwenye kituo cha hapa hapa kilichojengwa kwa jenereta za dizeli, kama ilivyo kwa Mandera, Elwak na Takaba. Oveni ya kawaida ya nyumbani inakula wati 2,000 hadi 3,000. Kajenereta kadogo ka dukani hakawezi, na sola ya kuchaji simu usiitaje hata. Stima ikipotea katikati ya kazi, kipande kitatoka kikiwa kimeiva nusu. Shida ni kwamba kipande kilichoiva nusu kinang'aa vilevile. Unakitazama, unafurahi, unampa mwenyewe. Baada ya wiki kadhaa rangi inaanza kubanduka kama ganda la yai.

Cha pili ni athi. Bila athi ya kweli, unga haushiki vizuri, na wewe mwenyewe unaweza kupigwa shoti na kifaa chako. Kupigilia msumari kwenye mchanga mkavu na kufunga waya hapo si athi. Ardhi kavu haipitishi umeme vizuri. Inataka fimbo ndefu iliyozama hadi udongo wenye unyevu, na inataka kupimwa na fundi umeme mwenye kibali. Hapo usibahatishe.

Cha tatu ni joto letu. Poda inatakiwa ikae mahali pakavu na pa baridi kiasi. Mifuko mingi imeandikwa isizidi nyuzi 25 au 30. Rhamu kuna siku hata kivulini hupati hiyo. Sasa fikiria boksi lako limetoka Nairobi kwenye buti ya basi, limepigwa jua siku mbili. Unga unaweza kushikana mabonge. Ukifika, uchekeche na uufanyie majaribio kwanza. Mabonge yasiyovunjika kwa vidole, usiyasukume kwenye kifaa.

Na kile kifaa cha kupuliza, tafadhali usikiite bunduki ya poda ukifika kizuizi. Watu wa kaunti hii mnanielewa. Askari akiuliza kuna nini ndani ya boksi, sema mashine ya rangi. Utalala nyumbani.

Kazi yenyewe ni kusafisha

Hii video haikuonyesha, au iliipitisha kwa kasi na muziki. Sehemu kubwa ya kazi ya poda inafanyika kabla hujafungua mfuko wa poda.

Rangi ya zamani lazima itoke yote. Grisi lazima itoke yote. Kutu itoke yote mpaka uone chuma cheupe, kwa msasa, kwa brashi ya waya, au kwa kupuliza mchanga kwa kompresa. Na ukipuliza mchanga, usichote tu mchanga wa Daua ukaujaza kwenye mashine. Vumbi la mchanga wa kawaida lina silika, na silika inayovutwa kwa miaka inaharibu mapafu bila kurudi nyuma. Tumia chengachenga zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na uvae barakoa ya kweli yenye vichujio. Leso ya shingoni haizuii kitu.

Ukimaliza kusafisha, usikishike kipande kwa mikono mitupu. Mafuta ya vidole vyako yanatosha kuacha alama chini ya rangi. Kama ni aluminiamu ya kumiminwa, kioke kwanza bila poda, kwa sababu mafuta na hewa iliyojificha kwenye vitundu vyake itatoka wakati wa joto na kutoboa rangi yako mapovu mapovu. Sehemu zenye nyuzi za nati, mahali pa beringi, na popote chuma kinapokutana na chuma, ziba kwa tepu ya kuhimili joto au vizibo vya silikoni. Raba na bushi zote zing'olewe kabla ya oveni, la sivyo utanusa.

Kisha jambo ambalo wengi hawalijui: saa inaanza kuhesabiwa pale chuma chenyewe kinapofika joto linalotakiwa. Oveni inaweza kusema 200 na chuma kinene ndani yake bado kiko 120. Unahitaji kipimajoto cha kupima kipande. Vile vya kuelekeza kwa miale vinadanganya kwenye chuma kinachong'aa, kwa hivyo kuwa makini unaelekeza wapi.

Kitu kimoja kizuri cha poda, na hiki ni zawadi kwa anayejifunza: kabla ya oveni, ukiona umekosea, unaifuta tu kwa hewa na kuanza upya. Hakuna rangi ya maji inayokupa nafasi hiyo. Itumie. Kwenye kona na mashimo unga utakataa kuingia, kwa sababu chaji inaishia kwenye kingo. Punguza nguvu, badilisha pembe, rudia.

Oveni ya mama iache

Nitasema hili mara moja. Oveni inayopika chakula isipike rangi, na oveni iliyopika rangi isipike chakula tena hadi siku inatupwa. Usiniambie utaiosha. Usiniambie ni kwa siku moja tu kabla ya Ramadhan. Hooyo atapika sambusa humo, na watoto watakula.

Oveni ya gesi usiiguse kabisa. Unga wa poda ukiwa umetanda hewani unaweza kulipuka ukikutana na moto, sawa na vumbi la unga kwenye mashine ya kusagia. Kwa hivyo unapopuliza, pawe mbali na oveni iliyowaka, mbali na jiko la makaa, mbali na yule rafiki yako asiyeweza kusimama dakika 5 bila sigara. Nje au chumba chenye hewa, asubuhi kabla upepo haujaamka, kwa sababu vumbi letu nalo linataka kuingia kwenye rangi.

Sasa tuje kwa rimu

Sababu ni tatu, na zote zinahusu uhai wa mtu.

Ya kwanza ni joto. Rimu nyingi za aluminiamu zinapewa ugumu wao kiwandani kwa kupashwa joto la kipimo maalumu kwa muda maalumu. Ukizidisha joto, au ukizioka mara nyingi, unaweza kuulegeza ugumu huo bila kuona tofauti yoyote kwa macho. Na kuna wenzetu wanaochoma rimu kwenye moto wa makaa ili rangi ya zamani itoke haraka. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Moto wa makaa unaopulizwa unaweza kufika huko. Muda mrefu kabla haijayeyuka inakuwa imeshapoteza nguvu zake. Rimu ya namna hiyo ukiipaka ikapendeza, umempamba mgonjwa.

Ya pili ni ufa. Ganda la poda ni nene, mikroni 60 hadi 80 kwa kawaida, na linafunika mikwaruzo vizuri sana. Linafunika na ufa pia. Rimu iliyopasuka kwenye shimo la barabara ya Elwak, ikachomelewa chini ya mti, ikaja kwako na kutoka nyeusi inayong'aa, hakuna atakayejua tena ina nini ndani. Mwenye gari ataiuza. Aliyeinunua atabeba familia.

Ya tatu ndiyo inayonitisha zaidi kwa sababu ni ndogo. Ukipaka poda pale nati ya gurudumu inapokaa, au upande wa nyuma ambapo rimu inalala juu ya habu, nati itakaza rangi badala ya kukaza chuma. Gari likitembea, rangi inasagika. Ikisagika, nafasi inabaki. Nafasi ikibaki, nati inalegea. Hakuna aliyeiba nati. Ni rangi yako.

Ongeza kwenye orodha hiyo springi, kalipa za breki na mikono ya stelingi. Hivyo vyote ni vya fundi aliyekwisha kuiva. Wewe bado unaiva, na si aibu.

"Sasa nitakula nini?"

Najua swali hilo, nami pia naishi hapa. Ukikataa rimu umekataa pesa, na kijana mwenye njaa hapewi lekcha. Lakini angalia mtaani kwako ni vitu vingapi vya chuma ambavyo hakuna uhai unaovitegemea. Keria ya tuktuk. Kikanyagio cha miguu cha pikipiki. Chuma cha kushikilia betri. Kifuniko cha juu cha injini. Viti vya hoteli. Rafu ya viatu inayokaa juani nje ya msikiti mwaka mzima. Hivyo vinalipiwa, na kimoja kikibanduka rangi unaomba radhi, unakirudia bure, mnakunywa chai. Hakuna anayezikwa.

Kabla hujapokea hata hivyo, paka vipande vyako mwenyewe, mabaki ya gereji. Kila kimoja ukijaribu. Chukua wembe, kata miraba midogo kwenye rangi hadi chuma, bandika selotepu, uing'oe kwa nguvu. Rangi ikija na selotepu, hukusafisha vizuri au hukuoka vya kutosha. Andika kwenye daftari: poda gani, joto gani, dakika ngapi, stima ilikuwaje. Ukiwa na vipande 20 ambavyo selotepu imeshindwa navyo, hapo tunaongea.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sitakuja hapa kukuambia cheti ndicho kila kitu. Nimeona watu wenye karatasi wasiojua upande wa moto wa waya. Lakini kuacha darasa si kuacha kipimo. Mitihani ya ufundi ya NITA, daraja la tatu hadi la kwanza, inamkubali hata aliyejifunzia kazini. Mtu ambaye hakukaa darasani ndiye anahitaji daftari lake liwe safi zaidi, kwa sababu hana kitu kingine cha kuonyesha.

Na kwa serikali ya kaunti, hili ni lenu. Katiba, kwenye Jedwali la Nne, iliwapa nyinyi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Hatuombi kiwanda. Wekeni oveni moja kubwa, athi iliyopimwa, feni ya kutoa hewa chafu na barakoa za kutosha kwenye chuo kimoja cha ufundi huku kaskazini ya kaunti. Vijana walipe kidogo kwa saa. Hilo ni rahisi kuliko kila mmoja wetu kuficha oveni yake nyuma ya nyumba, ukutani mwa chumba ambacho wadogo zake wanalala.

Rimu zitakuja tu, usiwe na haraka. Mji wetu ni mdogo, jina zuri linafika Banissa kabla yako, na jina baya pia. Siku moja mzee atakuletea rimu nne za Surf na pesa mkononi. Utazisafisha mpaka chuma kionekane, utazigeuza kwenye mwanga, na kwa moja utaona kamstari kembamba kama unywele karibu na tundu la nati. Hakuna mwingine aliyekaona. Ungeweza kukafunika kwa dakika 20.

Mrudishie. Mwambie, "Adeer, hii sipaki. Ina ufa. Usiivalishe gari tena." Atakasirika, pengine ataenda kwa mwingine. Mwezi ujao atarudi na gari la ndugu yake.